Mganga wa mizimu wa kujitungia: pointi, sloti za Warlock au alipe kwa HP?

mpiga_dadu
Wakuu, Jumamosi tunaanza kampeni mpya ya D&D 5e (Dungeons and Dragons toleo la tano, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika), mimi ndo DM, yaani msimamizi. Mchezaji wangu anataka klasi (aina ya mhusika) yake mwenyewe, mganga wa mizimu, msingi ni Sorcerer, klasi ya wachawi. Nimebaki na njia tatu: pointi badala ya sloti (nafasi za kurusha speli, yaani uchawi), sloti chache zinazorudi kwa mapumziko mafupi kama za Warlock (klasi nyingine ya wachawi), au analipia speli kwa HP zake (pointi za uhai). Ipi haitaniharibia meza?

shehe_wa_meza
Ya maana yote umeyaacha. Mnaanza leveli ngapi? Wengine wanacheza nini? Mnapigana mara ngapi kabla ya kulala?

binti_d20
Pointi. Zimo kwenye kitabu cha DM cha 2014 tayari, hesabu umefanyiwa.

kete_mbovu
Taratibu dada. Mhusika wa leveli 5 ana pointi 27 na Fireball (speli ya moto ya leveli 3) inakula 5, yaani anarusha tano kwa siku wakati Wizard (klasi nyingine ya wachawi) wa leveli hiyohiyo ana sloti 2 tu za speli za leveli 3. Na Fireball yenyewe imezidi, kitabu hichohicho kinashauri speli ya leveli 3 inayopiga wengi iwe 6d6 (dadu sita za pande sita), yenyewe ni 8d6.

binti_d20
Akizimaliza kwa moto, jioni atarusha kantripu (speli ndogo za bure) tu, shauri yake.

kete_mbovu
Jioni ipi bana, meza nyingi wahusika wanalala saa nne asubuhi ya mchezoni ili sloti zirudi.

mzee_wa_kampeni
Ya HP achana nayo kabisa. Kuna meza nilicheza DM akampa jamaa klasi ya damu, speli ya leveli 1 HP 3, ya leveli 2 HP 6, ukiisoma inatisha kweli, sasa kundini kulikuwa na Druid (klasi ya uchawi wa porini), na kila usiku kabla ya kulala sloti zote zilizobaki anazimalizia kwenye speli ya Goodberry, kila moja matunda 10, kila tunda linarudisha HP 1, yanakaa saa 24, asubuhi sloti zake zimerudi na mfuko umejaa. Pambano likiisha jamaa anakaa chini anatafuna kama abiria wa basi la mkoani na karanga zake, HP zimejaa, twende. Wizard wetu huku anahesabu sloti kwa penseli, mwisho akawa anakuja anacheza drafti kwenye simu mpaka aitwe. DM akapiga marufuku Goodberry, Druid akawaka yeye kakosa nini, wakabishana mpaka mwenye nyumba akatutoa na kampeni ikafia hapohapo darajani, troli hatujamuua hadi leo.

mpiga_dadu
Samahani wakuu, leveli 3, wachezaji wanne, kuna Warlock na… Druid 😅

shehe_wa_meza
Una Warlock halafu unataka kugawa sloti zake kwa mwingine? Shida ya Sorcerer ni speli chache, leveli 5 anajua 6 tu. Muongezee mbili za mizimu kwa kila leveli ya speli kama Clockwork Soul (aina mojawapo ya Sorcerer), sloti usiguse.

kete_mbovu
Hiyo ni ya vitabu vya 2014. Vya 2024 leveli 5 anaandaa 9, sasa unaongeza juu ya nini?

mpiga_dadu
Mimi nina cha 2014, yeye kanunua cha 2024.

shehe_wa_meza
Ehee, na hilo ndo unalisema saa hizi.

binti_d20
2024 wameiharibu tu.

kete_mbovu
Wameharibu nini, klasi ya Monk imepona mwishowe!

binti_d20
Monk nani anamcheza?

mgeni_wa_dadu
Samahani, mnachezea wapi? Nafasi ya mmoja ipo? Nina Druid tayari.