Wahusika wangu wote wanaongea sawa, na mwanzo umelala: nianzie wapi kurekebisha?

WinoMzito
Salaam wakuu. Nina rasimu ya riwaya yenye wahusika watatu: Zuhura, daktari wa zamu za usiku, Kassimu, mdogo wake, fundi redio, na baba yao, mzee Tamimu. Waliosoma wanasema ukifuta majina hujui nani kasema nini. Tena zinapita kurasa nne kabla mtu hajafungua mdomo. Mwanzo wenyewe ni huu:

"Jua lilikuwa likichomoza taratibu huku ndege wakiimba. Zuhura aliamka, akajinyoosha, akakumbuka kwamba leo ndiyo siku ambayo baba yake angerudi baada ya miaka 12."

Ni nafsi ya tatu, tunamfuata Zuhura. Nafikiria kumpa kila mmoja lafudhi yake. Itasaidia?

Mkata_Aya
Kabla ya lafudhi, tazama mwanzo. Jambo pekee lenye uzito hapo ni kurudi kwa baba, nawe umelifukia mwishoni mwa sentensi ya pili, tena kama kumbukumbu. Mtu anayeamka hana uamuzi wa kufanya, kwa hiyo msomaji hana cha kusubiri. Kuamka, ndoto, kujitazama kwenye kioo, hali ya hewa: si haramu, ila mara nyingi hapo bado hakuna kilichoharibika.

Pembeni ya kila sentensi ya kurasa hizo nne andika T (tendo), M (mandhari) au H (historia). Tafuta T ya kwanza inayobadilisha hali ya mtu. Hadithi inaanzia hapo, au sentensi chache kabla yake. Unachokata kiweke kwenye faili la kando. H irudi pale tu msomaji atakapokuwa ameanza kujiuliza. Miaka 12 baba alikuwa wapi? Swali hilo linaweza kubeba sura mbili tatu. Ukilijibu ukurasa wa kwanza, umeua taharuki kwa mkono wako.

Tazama na vitenzi. "Lilikuwa likichomoza", "wakiimba": hivyo vinachora hali, havisogezi kitu. Vikifuatana, hadithi inasimama. Mfululizo wa -ka- ndio unaosukuma mbele, lakini ukizidi mara tatu nne bila kukatizwa unageuka ratiba: akanawa, akavaa, akatoka. Ukatize kwa sentensi fupi isiyo na -ka-, au mtu aseme kitu.

Majina mawili yanatosha ukurasa wa kwanza. Na usikimbilie upande wa pili, kuanza na damu na makelele. Msomaji hamwonei huruma mtu asiyemjua.

Sikio la Tatu
Lafudhi iwe ya mwisho. Ukipotosha tahajia ya kila neno la mhusika, unamchosha msomaji na kumgeuza mhusika kichekesho. Alama mbili za lafudhi zinatosha, ila zishike mpaka mwisho wa kitabu.

Sauti hutokana zaidi na jinsi mtu anavyoomba na anavyokwepa. Wape wote watatu haja moja, tuseme kukopa pesa:

Mzee: "Zamani nyumba hii haikukosa kitu."
Kassimu: "Dada, si unikopeshe tu? Kesho narudisha. Haya, keshokutwa."
Zuhura: "Nataka nusu ya ulichonacho. Nitalipa tarehe 5."

Mzee haombi, analalamika tu na kuacha wengine waelewe. Kassimu anajadiliana na ahadi yake mwenyewe kabla hajajibiwa. Zuhura hatoi nafasi ya swali. Lafudhi haijaguswa.

Halafu gawa vijineno: eti, kumbe, hivi, yaani, basi. Kila mmoja awe na kimoja au viwili, na wengine wasiviguse. Mara moja katika mistari mitano sita. Zaidi ya hapo kinakera.

Kuitana nako kunasema mengi. Kassimu akiita "baba" na Zuhura akaita "mzee Tamimu" kama mtu baki, tumeshajua nani kasamehe. Siku Zuhura ikimponyoka "baba", huhitaji aya ya kueleza.

Kujipima: nakili maneno yote ya mhusika mmoja, riwaya nzima, kwenye faili moja, uyasome mfululizo kwa sauti. Mstari wa kuazima utausikia. Naona njia hii ni bora kuliko kuficha majina, maana ndani ya tukio mada yenyewe hukudokeza nani anaongea, ukajidanganya.

Rula
Mmepitiwa na jambo. Daktari wa zamu za usiku anaamkaje jua likichomoza? Saa hiyo ndiyo anatoka kazini! Na kosa si la saa tu: msimulizi hajaingia kichwani mwa Zuhura. Ukimfuata kwa karibu, hata maelezo yatumie macho yake. Huyu ataona nani anapumua vibaya kabla hajasikia ndege. Kwa mfano:

"Zamu iliisha saa moja asubuhi. Kwenye benchi alibaki mzee mmoja, miguu imevimba, begi mapajani. Zuhura alichukua faili lake, akasoma jina. Akalisoma tena."

Baba karudi, na ile miaka 12 haijatajwa. Ila usiung'arishe mwanzo sasa hivi. Maliza rasimu nzima kwanza, kwa sababu mwisho ukibadilika, ukurasa huu nao utabadilika.

WinoMzito
Kweli, hilo la zamu sikuliona. Je, naweza kufungua na mtu anayeongea moja kwa moja?

Sikio la Tatu
Unaweza, mradi kufikia mstari wa tatu tujue nani anasema, anamwambia nani, na wako wapi. Mazungumzo yakielea nusu ukurasa, msomaji huwaumba watu wake mwenyewe kichwani. Ukija kumwambia kwamba msemaji ni mzee wa miaka 70, inabidi arudi kusoma upya, na wengi hawarudi. Na mstari huo wa kwanza usiwe salamu.