Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alizitwaaje nchi jirani baada ya 1945?

Mzazi, Kayole: Hamjambo. Binti yangu wa kidato cha nne anadurusu historia, na jana usiku tulikwama. Daftari lake linasema tu kwamba Poland, Hungaria na Romania "zikawa za kikomunisti". Zikawaje? Watu hawakupiga kura?

Mwalimu mstaafu, Buruburu: Walipiga, mama, na hapo ndipo uchungu ulipo. Hungaria, Novemba 1945, chama cha wakulima wadogo kilipata asilimia 57, wakomunisti 17. Lakini jeshi la Kisovieti lilikuwa bado nchini, na wakomunisti waking'ang'ania wizara ya mambo ya ndani. Huko ndiko polisi waliko! Februari 1947 Wasovieti wakamkamata Béla Kovács, katibu mkuu wa wakulima. Rákosi, kiongozi wa wakomunisti, baadaye alijigamba kwamba wapinzani aliwakata kama soseji, kipande baada ya kipande.

Dereva, Umoja: Na Czechoslovakia, mwalimu? Huko Wasovieti walikuwa wameshaondoka.

Mwalimu mstaafu, Buruburu: Kweli kabisa, ndugu yangu, na ndiyo inayoniuma zaidi. Wakomunisti walishika nafasi ya kwanza kihalali mwaka 1946, asilimia 38. Februari 1948 mawaziri wa vyama vingine walijiuzulu kupinga polisi kujazwa wakomunisti. Wafuasi wa chama wakafurika barabarani Prague, wafanyakazi wakagawiwa bunduki, na tarehe 25 Rais Beneš akasalimu amri.

Mzazi, Kayole: Asante, mwalimu. Na Tito, yule mkomunisti aliyeongoza Yugoslavia, je?

Mwalimu mstaafu, Buruburu: Alikuwa na wapiganaji wake mwenyewe. Walipokosana 1948, Stalin hakuweza kumng'oa.