Naomba ushauri: watoto wa boa wa mitini wanagoma kula

Habari zenu wakuu. Nahudumia nyoka kwenye bustani yenye kibali hapa Mwanza. Jike letu la boa wa mitini, wale wa misitu ya Amazoni, limezaa wiki tatu zilizopita. Hawa hawatagi kama chatu wetu, wanazaa watoto hai. Tulipata 11, wawili wakatoka wamekufa. Iliniuma sana.

Waliobaki 9 kila mmoja ana kopo lake lenye matundu, karatasi yenye unyevu na kijiti cha kujizungushia. Wote wameshajivua gamba la kwanza vizuri.

Shida ni kula. Nawapa vitoto vya panya visivyo na manyoya, usiku, kwa kibano. Wanne walikula. Watano wanauma, kisha wanaachia. Nikajaribu kumpasha panya kwenye maji ya moto, maana boa hawa wana vishimo mdomoni vya kuhisi joto la windo; mmoja akakubali. Bado wanne.

Mwenzangu anasema niwalishe kwa nguvu. Naogopa, shingo zao nyembamba kama penseli. Nimefikiria kumpaka panya harufu ya manyoya ya kifaranga, au nimpe mjusi wa ukutani, ila mjusi ana minyoo.

Halafu umeme ukikatika usiku, upepo wa ziwa unashusha joto hadi nyuzi 23. Inaweza kuwa ndiyo sababu?

Aliyewahi kulea watoto wa boa, nisubiri hadi lini kabla ya kulazimisha? Nisaidieni, tafadhali.