Naomba ushauri: selo moja, muziki wa aina mbili
Wakuu, habari zenu. Niko Köln, Ujerumani, napiga selo (ile fidla kubwa ya sauti nzito, unaipiga umekaa). Nimeingia kikundi kidogo cha muziki wa baroko (muziki wa Ulaya wa karne ya 17 na 18): fidla mbili, hapsikodi (kinanda cha zamani) na mimi. Tunafanyia mazoezi sonata (vipande vya ala) za Mtaliano Corelli za mwaka 1685, zile zinazoitwa za watu watatu ilhali tuko wanne (mimi na hapsikodi tunahesabiwa besi moja, basi nimekubali yaishe).

Shida ni hii. Wenzangu wanashusha A (noti tunayolinganishia ala zote) hadi hezi 415, karibu nusu toni chini ya 440 ya kawaida ya siku hizi, na wanataka nifunge nyuzi za utumbo wa kondoo. Selo ninayo moja tu, na Jumapili naihitaji kwenye okestra kwa 440. Nikishusha na kupandisha kila wiki nyuzi hazitulii. Juzi uzi wa juu umekatika katikati ya mazoezi. Kuikamata selo kwa miguu bila chuma cha chini cha kuisimamisha sakafuni, kama wanavyofanya wa baroko, nimeshazoea.

Sasa, ninunue kwanza upinde wa baroko na kubaki na nyuzi za chuma, au nijibane nitafute selo ya pili? Kuna anayekodi? Aliyepitia haya anisaidie, onyesho li karibu.