Nimeuziwa paneli ya sola ya "wati 200" ya friji la gari, kumbe ni mia tu. Kuku wa wageni wameharibikia Seronera, Serengeti

Wakuu poleni na majukumu, leo nimekuja na hasira mnivumilie.

Napeleka wageni wa kempingi kutoka Arusha, Landkruza yangu mwenyewe, nikachoka kubembeleza barafu kila kijiji nikanunua friji la volti 12. Friji halina shida hata kidogo. Shida ni jamaa wa duka la sola aliyenifungia paneli juu ya keria, betri ya jeli ya Ah 100 (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) na kontrola ya kuongoza chaji ya paneli, jumla laki nane na themanini. Nikamuuliza mara mbili, bosi si tuvute na waya wa altaneta ili gari likitembea betri ya friji nayo ijae? Akacheka. "Kaka hizi wati 200, umeme utaumwaga."

Siku ya kwanza Tarangire safi. Ya pili safi. Ya nne asubuhi tuko kambi ya Nyani pale Seronera mpishi ananigongea hema, "kaka njoo unuse". Maziwa yamekatika, kuku wana ule utelezi mnaoujua, tukamwaga kila kitu wageni wakala tambi na njegere za kopo siku mbili. Kumbe tangu juzi usiku friji lilikuwa linajizima lenyewe mpaka jua litoke.

Nimerudi mjini nikamwambia yule jamaa wa sola, anajibu "friji lako linakula sana". Haya, tupige hesabu. Likiunguruma linavuta kama ampea 4, na kwa joto letu linaunguruma nusu ya siku, hiyo ni Ah 48 kwa saa 24. Nikachomoa paneli saa sita mchana jua la utosi, nikaipiga testa moja kwa moja, ampea 5.6. Stika yake inasema 11! Kwa saa tano za jua zuri naingiza Ah 28, yaani kila siku nakopa 20 kwenye betri, na betri ya jeli ukiinyonya zaidi ya nusu unaiua. Sasa hapo siku ya tatu unategemea nini?

Halafu nikachukua futikamba, sentimita 104 kwa 55. Wakuu hiyo haifiki hata mita moja ya mraba, ni kama 0.57! Jua lenyewe kali kabisa linatoa kama wati 1000 kwa mita ya mraba na paneli nzuri inashika asilimia 20 na kidogo, sasa wati 200 zitatokea wapi kwenye kibati kile, labda aweke na jua lake la dukani.

Sijamaliza. Kontrola imeandikwa MPPT, ile aina ya bei inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea na lazima iwe na koili, nikafungua skrubu nne, ndani hamna koili hata moja, ni PWM ya kawaida, ile rahisi ya kuwasha na kuzima tu, imevalishwa jina la watu. Na waya aliovuta mita saba kutoka betri mpaka kwenye friji ni ule mwembamba wa milimita 1.5 za mraba wa kufungia taa za nyumbani. Friji likiwaka napima kwenye betri 12.1, napima kwenye plagi ya friji 11.3, volti nzima kasoro inaishia njiani! Ndo maana linajizima mapema, linadhani betri imekwisha kumbe bado ipo nusu.

Nimempelekea picha za testa zote. Kajibu kwa picha ya risiti, kazungushia duara pale chini, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Jumamosi natoka tena, siku sita, Natron kwenye lile joto. Waya nishabadili nimeweka wa milimita 6 za mraba. Sasa pesa iliyobaki inatosha kitu kimoja tu, paneli ya pili au chaja ya kutoka altaneta. Mnaolala porini na friji, mngeanza na ipi? Maana deli la barafu nishalitoa stoo tayari na mke wangu ananicheka.