Wakala wa miamala kubeba bastola: kinga au hatari zaidi?

Swali: Wakuu, mawakala wengi wanaomba vibali vya bastola. Raia wa kawaida abebe kweli?

Jibu 1: Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya Tanzania ya 2015 inaruhusu kwa kibali, ila dukani naipinga. Dennis Tueller, polisi wa Marekani, alionyesha mwaka 1983 kwamba mwenye kisu humaliza mita 6.4 kwa sekunde 1.5 hivi. Kaunta yako ina upana wa mita moja! Bastola ipo kiunoni chini ya shati; mkono hautaifikia, na mwizi ataondoka nayo. Punguza fedha taslimu, weka kizuizi cha nondo.

Jibu 2: Anayesafirisha fedha za mauzo ya jumla namwelewa. Lakini ajue kuondoa risasi: chomoa magazini (kasha la risasi) KWANZA, ndipo uvute slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), uchungulie chemba (tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa) na kuipapasa kwa kidole. Ukianza na slaidi, inasukuma risasi nyingine ndani. Ukichomoa magazini unadhani ni tupu, kumbe moja imebaki. Hiyo ndiyo inayoua watoto nyumbani.

Jibu 3: Na mwizi akishageuka kukimbia, usifyatue. Kwa risasi ya mgongoni, utetezi wa kujilinda hausimami kirahisi mahakamani.