Kiuno kimegoma: kairopraktiki, fiziotherapia au nivumilie na vidonge? Waliopita huko semeni ukweli

KiunoChuma
Wakuu salama? Wiki ya tatu leo kiuno kimekaza. Niliinama kuokota kalamu, kalamu jamani sio gunia, nikasikia kitu kama kimekatika na toka siku hiyo kuvaa soksi ni mtihani wa taifa. Vidonge vinatuliza masaa mawili matatu maumivu yanarudi palepale. Rafiki yangu ananiambia nenda kwa kairoprakta akunyooshe mgongo, utatoka unaruka, mwingine anasema fiziotherapia, na shemeji kasema hao wanaoalisha mifupa nisithubutu hata kuwasogelea. Wanafanya nini hasa? Inauma? Na ipi ina nafuu ya kweli?

mama_mapacha
Mi nimepita kote kuwili. Kwa kairo usidhani unafika tu unapanda kitandani, kwanza maswali, na ni mengi kwelikweli, maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni, una ganzi popote, unameza dawa gani, ulishawahi kuvunjika. Halafu unainama, unageuka, unalala chali anakuinulia mguu ukiwa umenyooka aone kama kuna mshipa wa fahamu uliobanwa. Eksirei sikupigwa na nimekuja kujua sio lazima kwa kila mtu. Baada ya hapo ndo akanilaza ubavu goti moja limekunjwa, akaweka mkono kiunoni akasukuma mara moja kwa ghafla, PAA! Nikasema basi nimekwisha 😂 Kuuma hapana, ule mlio ndo unatisha. Kesho yake niliamka kama mtu aliyelima shamba zima, kesho kutwa nikawa sawa.

Kobe_Mzee
Huo mlio watu wanadanganyika nao sana. Sio mfupa umerudi mahali pake, ni gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo, sawasawa na kualisha vidole. Hii habari ya "pingili imehama", yaani mfupa wa uti wa mgongo, ilianza na D.D. Palmer kule Davenport, Iowa, Marekani mwaka 1895, yeye akidai karibu magonjwa yote chanzo chake ni pingili kukaa vibaya, na hilo halijathibitika mpaka leo. Pingili zinazocheza ziko 24, shingoni 7, mgongoni 12, kiunoni 5, na zimefungwa kwa kano na misuli, hazichomoki kama tofali la ukuta mbovu. Kairoprakta wengi siku hizi wanashughulika na mgongo na shingo tu na mazoezi wanakupa pia. Ila ukikutana na wa kukuambia atakutibu kisukari kwa kukunyoosha mgongo, vaa viatu vyako.

fundi_mbao
Mimi fizio. Yangu ilikuwa diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, maumivu yanatoka takoni yanateremka mpaka kwenye shavu la mguu kama umeme. Niseme ukweli, fizio inaboa. Unapewa mazoezi ya kitoto, nyanyua kiuno, vuta goti, tembea dakika kadhaa, na unatakiwa ufanye nyumbani kila siku na hakuna anayekuona. Wiki mbili za kwanza nilidanganya, naulizwa umefanya nasema ndio, yule dada akaniangalia tu akasema hebu fanya nione. Aibu niliyopata siku ile ndo ikanitibu. Ilichukua kama miezi miwili lakini leo nainua mbao. Kwa kairo unalala unafanyiwa, kwa fizio unafanya mwenyewe, mi naona hapo ndo tofauti ilipo.

mama_mapacha
@fundi_mbao hapo umegonga. Kwa kairo nilitoka mwepesi siku hiyohiyo, baada ya siku nne kiuno kikarudi, nikaenda tena, kikarudi tena. Halafu nikawekewa mezani mpango wa kuja mwaka mzima nilipe yote mbele. Nikamwambia nitafikiria, mpaka leo nafikiria.

NesiMkorofi
Ngoja niwaharibie ushabiki. Maumivu ya kiuno yaliyoanza ghafla, watu wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 hivi, wawe wamesukumwa, wamekandwa au wamekaa zao tu, kwa hiyo aliyekushika wiki ya tano ndo anabeba sifa. Tafiti zinazolinganisha kusukuma mgongo na mazoezi zinaonyesha havipishani sana. Mwongozo wa WHO wa 2023 kwa maumivu sugu ya kiuno umevitaja vyote, mazoezi, masaji na hiyo ya kusukuma, ila mikanda ya kiuno hawaipendekezi kama tiba ya kawaida. Na kulala kitandani wiki nzima ndo kunakukaza zaidi.

Sasa nisikilize KiunoChuma. Ukiona ganzi sehemu unayokalia, mkojo haujulikani unatokaje, au miguu inaishiwa nguvu, hapo hakuna kairo wala fizio, ni hospitali usiku huohuo. Mwenye mifupa dhaifu, aliyewahi kuwa na saratani, mwenye homa na maumivu ya mgongo, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, aanze kwa daktari. Na shingo kusukumwa kwa ghafla mimi binafsi sikubali, ni nadra lakini mshipa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika ukaleta kiharusi.

Mchokozi77
Kwa hiyo shemeji alikuwa sahihi 😂😂

NesiMkorofi
Nusu. Kiuno cha mtu mzima asiye na hizo dalili, kwa mtu aliyesomea na mwenye leseni, sina ugomvi nacho. Sio yule aliyejifunza kwenye video.

KiunoChuma
Asanteni sana wakuu. Hizo dalili za kutisha sina, nimejikagua mara tatu toka nisome. Nimeamua fizio kwanza, mwezi mmoja, ikigoma ndo niende kairo kwa kiuno tu, shingo hakuna atakayeigusa. Mkanda nilioununua wiki jana nimempa shemeji, kaufurahia kweli, hajui. Soksi bado navalishwa.